Jedwali la Pili: Siku Nane kutoka Msimbati hadi Kilwa

Siku ya kwanza, Mtwara mjini

Tumeingia Mtwara saa kumi na moja jioni, mimi na wanafunzi wangu wawili wa shahada ya uzamili, na kabla ya kutafuta nyumba ya wageni tulisimama pale stendi mbele ya mama mmoja aliyekuwa akiuza ming'oko. Alikuwa ameichemsha na kuipanga juu ya sinia mafungu mafungu, na chumvi yenye pilipili ameifunga katika vipande vya karatasi. Kwa msomaji asiyeujua upande huu wa kusini, ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, ambayo wanawake wa Mtwara na Lindi huichimba vichakani wakati wa kiangazi. Nilimwuliza anaipata wapi. Alisema kwamba mama yake aliichimba nyuma ya nyumba, lakini yeye hununua kwa wanaotembea tangu alfajiri, kwa kuwa vichaka vya karibu vimekwisha kuwa mashamba ya mikorosho. Kisha akaniambia jambo ambalo niliona ni vema liandikwe kabla ya mengine yote ya safari hii: "Anayejua kuchimba haling'oi shina, mwanangu. Anakata, anafukia, mwakani anarudi. Anayeng'oa lote ni yule asiyejua kama mwakani ataruhusiwa kurudi."

Nimefundisha masomo ya mazingira kwa miaka mingi, na sentensi hiyo ya mwisho inabeba hoja ambayo mimi huhitaji mihula miwili kuifafanua darasani. Tulipoanza kazi hii, wengi wetu tulifunzwa kwamba ikolojia ni elimu ya viumbe na makazi yao, na kwamba habari za nani ana ardhi, nani ana sauti kwenye mkutano, nani anatembea kilomita ngapi kutafuta kuni, ni za wenzetu wa idara nyingine. Wanafunzi wangu wanajua kwamba siku hizi sikubali kazi ya uwandani yenye jedwali moja. Jedwali la kwanza ni lile la kawaida: aina ya mti au samaki, idadi, kipimo, mahali. Jedwali la pili lina safu nne tu: nani anategemea kiumbe huyu, nani huamua juu yake, nani anapata faida, na nani anabeba hasara panapowekwa katazo. Majedwali hayo mawili hujazwa siku hiyohiyo na mtu yuleyule, kwa sababu yakitenganishwa la pili huwa halijazwi.

Siku ya pili, Msimbati

Safari hii niliipanga ikutane na bamvua, siku ambazo maji ya bahari hujaa sana na kupwa mbali sana. Tuliondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi, tukapita Ziwani na Madimba kwenye barabara ya mchanga katikati ya minazi na mikorosho, na kila tulipopita shamba lililokuwa likipuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga tulifunga vioo. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuma tulipofika ufukweni. Saa nne na nusu maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, na mwamba wote uko wazi, umejaa madimbwi yanayong'aa.

Wanawake kama arobaini walikuwa wameshatangulia, kanga zimefungwa juu ya magoti, wengine wamevaa soksi kuukuu au viatu vya plastiki kwa kuogopa miiba ya urumbu. Nilimfuata bibi mmoja ambaye umri wake yeye mwenyewe aliukadiria kuwa sabini na kitu. Mkononi alikuwa na chuma chembamba cha kuchokolea pweza na begani kikapu cha ukindu. Alitembea akitazama chini, bila haraka, akasimama penye tundu ambalo kwangu halikuwa tofauti na mengine, akanionyesha magamba ya kaa na vipande vya kome vilivyorundikana mlangoni. "Amekula, hajafagia," alisema. Akaingiza chuma kwa upole mara mbili, akangoja, na mkono wa pweza ukatoka kukishika. Baada ya hapo aliniomba nisogee, kwa sababu kivuli changu kilikuwa kimeangukia tundu la pili.

Eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji vyenye watu. Haja ya kuilinda bahari hii ilikuwa kubwa, na sitaki msomaji adhani kwamba naitilia shaka. Uvuvi wa baruti ulikuwa umeumiza matumbawe ya kusini kwa miaka mingi; bomu moja huua samaki wote waliomo, wakubwa na wachanga, na huvunja tumbawe ambalo tawi lake limejengwa sentimita kwa sentimita. Nyavu za kukokota nazo hung'oa nyasi bahari, ambamo samaki wengi hukulia. Ajabu ni kwamba bibi huyu alinieleza haya yote kwa usahihi kuliko kitabu changu cha kufundishia, na akaongeza kwamba walipuaji wengi hawakuwa watu wa kijijini.

Shida inaonekana tukifika kwenye jedwali la pili. Mwanafunzi wangu aliwauliza wavuvi wawili wenye mashua za mashine wanafanya nini sehemu fulani ya mwamba inapofungwa. Wakajibu kwamba wanakwenda mbali zaidi. Gharama ya mafuta inaongezeka, lakini wanakwenda. Akawauliza wanawake watano swali hilohilo. Wote walimtazama kana kwamba hakusikia vizuri, mpaka mmoja akamjibu, "Mwanangu, mimi nakwenda kwa miguu. Nitakwenda wapi?"

Katika kitabu cha takwimu, kuufunga mwamba ni jambo moja lenye athari moja, yaani uvuvi umepungua kwa kiasi fulani. Juu ya mwamba wenyewe, katazo hilohilo humwongezea mwenye mashine safari na humnyima mwenye miguu kitoweo cha siku. Tena wanawake hawa aghalabu hawahesabiwi kuwa wavuvi. Wanaitwa wanaookota, na anayeokota haalikwi kwenye kikao cha wavuvi. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inataka wanavijiji washirikishwe katika hatua zote za kupanga na kusimamia hifadhi. Lakini kijiji si mtu mmoja, na mara nyingi anayesema kwa niaba ya kijiji ni mwenye chombo.

Nilimwuliza bibi kama angekubali mwamba ufungwe. Alifikiri kwa muda mrefu. Pweza, alisema, hukua upesi, na wote wanajua kwamba ukiuacha mwamba bamvua mbili tatu unarudi kukuta wakubwa. Elimu ya viumbe inakubaliana naye kabisa, maana pweza wa miamba yetu huishi karibu mwaka mmoja tu, na katika miezi hiyo uzito wake huongezeka kwa kasi ya kushangaza. Alikuwa tayari kufunga. Masharti yake yalikuwa mawili: wanawake ndio wachague sehemu ya kufungwa, kwa sababu wao wanajua ipi inaweza kukosekana bila watoto kulala njaa, na siku ya kufungua waingie wenye miguu kwanza, wenye mashua baadaye. Nimeyaandika masharti hayo neno kwa neno katika safu ya pili.

Siku ya tatu, Msimbati na Madimba

Tulilala kijijini, katika nyumba ya mama aliyetupikia ugali wa muhogo na pweza wa nazi. Alfajiri nilikaa naye jikoni. Kuni zake zilikuwa za mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, nyekundu ndani, za moto mkali unaodumu, na moshi wake ulikuwa umeipaka dari rangi nyeusi inayong'aa kama lami. Mjukuu wake wa miaka mitatu hivi alikohoa muda wote tuliokuwa tukizungumza.

Chini ya rasi hii kuna gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, miaka minane baada ya ile ya Songo Songo kule Kilwa, na tangu 2015 husafishwa Madimba na kusafirishwa hadi Dar es Salaam katika bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, mbali na ile inayozalisha umeme wa mikoa hii ya kusini. Ni mali ya taifa zima na imelisaidia taifa zima. Mimi mwenyewe hupikia na kusomea kwa umeme wake. Mwishoni mwa 2012 na katika mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipinga bomba hilo, ghasia zikazuka, watu wakapoteza maisha, na nakumbuka jinsi ilivyosemwa katika mazungumzo mengi mjini kwamba watu wa kusini hawapendi maendeleo. Sikukubali wakati ule, na leo sikubali hata kidogo. Mtu anayepikia kuni za mkandaa juu ya ardhi yenye gesi akiuliza fungu lake liko wapi, anauliza swali la mgawanyo. Na swali hilo ni la kiikolojia pia, kwa sababu jibu lake linaamua kama mkandaa utakatwa au utaachwa.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Nilipokuwa nikimsikiliza yule mtoto nilijiuliza ni mwanafunzi yupi kati ya niliowafundisha aliyewahi kukisoma kifungu hicho na kufikiria jiko.

Siku ya nne, maingilio ya Ruvuma

Tulikwenda kwenye mikoko kwa mtumbwi, tukavuta kamba za viwanja vyetu vya mita kumi kwa kumi, na tukapima kipenyo cha kila shina usawa wa kifua. Mlilana ulikuwa mbele, unapopigwa na maji ya bahari, nyuma yake mkoko wenye mizizi ya magongo, kisha mkandaa, na mchu ukiwa umetawanyika hata mahali pa chumvi kali, umesimamisha vijiti vyake vya kupumulia tope lote. Mbegu za mkoko huota zikiwa bado juu ya mti, ndefu kuliko kalamu, na zikianguka wakati maji yamekupwa hujichoma zenyewe matopeni. Mwanafunzi mmoja alizama mpaka kiunoni na ilitubidi tumvute kwa kamba ya kupimia.

Mikoko yote ya pwani ya Tanzania ni msitu wa hifadhi wa serikali, na kukata bila kibali ni kosa. Katika jedwali la pili tuliandika kwamba anayekatia fito za kukarabati nyumba yake ndiye anayeogopa doria, kwani kibali kinafuatwa mjini na nauli ya kwenda na kurudi inapita thamani ya fito. Anayekata boriti za biashara hana hofu hiyo, kwa kuwa nauli ya kufuatia kibali anayo.

Siku ya tano, Mikindani hadi Lindi

Karibu kilomita mia moja za lami. Tulisimama kutazama mashamba ya chumvi yaliyoachwa, mahali palipokuwa na mchu na sasa hapana kitu. Watu wenye nia njema huja sehemu za namna hii na miche ya mkoko, wanapanda siku moja, wanapiga picha, na miche inakufa, kwa sababu kuta za udongo zilizojengwa kwa ajili ya chumvi bado zinazuia maji ya bahari yasiingie na kutoka. Ukivunja ukuta, maji yakarudi, mbegu hujileta zenyewe. Lakini kuta zile zina wenyewe, na hapo tena mtaalamu wa mikoko hawezi kusogea bila kujua ardhi ni ya nani.

Lindi tulifika jioni. Nikiwa ufukweni niliwakumbusha wanafunzi mifupa ya wanyama wa kale iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ambayo wapagazi waliibeba kwa siku kadhaa hadi bandari hii na ambayo leo imesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin. Elimu iliyopatikana ni ya dunia nzima. Waliobeba mzigo hawakuuliziwa maoni yao, na karibu wote hawakutajwa majina.

Siku ya sita, Rondo

Tulipanda uwanda wa juu wa Rondo kwa gari la kukodi. Msitu huu ulikatwa sana mivule yake enzi za ukoloni, na sehemu kubwa ikapandwa miti ya kigeni. Kilichosalia cha asili ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na ndani yake anaishi komba mdogo wa Rondo, mwenye uzito wa takriban gramu 60, mmoja wa wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Mwezi ulikuwa bado haujachomoza tulipomsikia, sauti mbili mbili zikishuka haraka kutoka vilele vya miti. Hatukumwona. Mzee aliyetuongoza alitaja majina ya Kimwera ya miti mingi ambayo komba huyu huitumia, na alipomaliza aliuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini wageni wote huja usiku kumsikiliza komba na hakuna aliyekuja mchana kutazama mahindi yaliyoliwa na nguruwe pori. Nilimwahidi kubaki mchana wa kesho yake, na nilibaki mpaka saa sita. Shamba lake ni la ekari moja na nusu. Safu nne kati ya kumi za mahindi zilikuwa zimelala chini.

Siku ya saba, njiani

Tuliondoka mchana, tukasafiri mpaka Nangurukuru. Baadhi ya makalvati na kingo za barabara bado zinaonyesha kazi ya mafuriko na Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, wakati barabara ya kwenda Dar es Salaam ilipokatika na watu wa kusini wakakaa siku kadhaa bila njia ya kupita.

Siku ya nane, wilaya ya Kilwa

Nilitaka safari iishie kwenye mpingo. Mti huu hukua polepole mno. Wa kufaa kuvunwa umeshapita miaka sabini na zaidi, na moyo wake mweusi ndio unaotengenezewa zumari za Ulaya na vinyago vya Wamakonde. Kwa muda mrefu magogo yalitoka misitu ya Kilwa na kijiji kikabaki na vishina. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilifungua njia nyingine: kijiji kinaweza kuutenga msitu wake, kikaandaa mpango wa uvunaji, kikaulinda, na mapato yakaingia katika mfuko wa kijiji. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lililoanzia hapa Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, na kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii hiyo ilikuwa ni mara ya kwanza Afrika.

Tulikaribishwa katika kijiji kingine cha wilaya hiyohiyo, kwenye kikao cha kamati ya maliasili, chini ya mwembe. Mhasibu alisoma mapato na matumizi kwa sauti: magogo yaliyogongwa alama kwa nyundo ya kijiji, posho za doria, mabati ya zahanati. Mama mmoja alisimama akauliza kwa nini posho za doria zimezidi za mwaka jana ilhali doria zilikuwa chache. Mwenyekiti akaeleza. Mama hakuridhika, akasema hivyo, na jambo likaandikwa lirudiwe kikao kijacho. Nimehudhuria mikutano mingi ya kimataifa juu ya haki ya mazingira, na naandika kwa dhati kwamba sijawahi kuona ikitendwa kwa ukaribu kama nilivyoiona katika dakika zile. Msitu wa kijiji kile una kasoro, tena si chache. Lakini mama huyo ana mahali pa kuzisemea.

Kabla ya kuaga niliwaonyesha majedwali yetu. La kwanza walilipitia kwa haraka, wakasahihisha jina la mti mmoja ambao sisi tuliuandika mara mbili. La pili walilishika kwa muda mrefu, likizunguka mkono kwa mkono. Kisha yule mama akaomba kalamu, akachora mstari upande wa kulia wa safu ya nne, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: NANI ALIULIZWA. Wanafunzi wangu wameanza kuijaza safu hiyo kuanzia Msimbati.